Mbwa wa Mwalimu Atakwenda kwa Nani?

Leo nataka tumzungumzie mbwa, na najua katika nyumba fulani mtu ameshanyoosha mkono azime redio. Subiri kidogo, bibi. Kipindi hiki kinakuhusu wewe mwenye kuku kuliko kinavyomhusu mwenye mbwa.

Huku Suji, katika Milima ya Upare, yuko mwalimu wa shule ya msingi aliyepata uhamisho. Anakwenda Lindi. Vitanda amekwisha kuviuza, kabati amemwachia jirani, na mbuzi wake walipata mnunuzi siku ileile alipotangaza. Aliyebaki ni mbwa. Ni dume la mwaka mmoja na miezi kadhaa, rangi ya udongo, masikio yamesimama. Mwalimu alimwokota Makanya, kando ya barabara kuu, pale malori yanapoegesha, akiwa bado wa kubebwa kwenye kikapu, na mguu mmoja wa nyuma umeumizwa na gari. Mguu ulipona. Majirani wanasema ulipona kupita kiasi. Sasa anaruka ua, anateremka korongo na kutokea ng'ambo kabla hujamaliza kupiga mluzi, anawasindikiza watoto shuleni bila kutumwa, na akirudi anafukua matuta ya viazi. Jina lake Watajua. Mnaijua desturi hiyo: mtu mwenye neno na jirani yake haendi kumwambia, humpa mbwa jina, kisha kila jioni humwita kwa sauti ya juu.

Mwalimu amepewa ushauri mwingi, nao ukiuchambua ni wa aina mbili. Wapo wanaosema arudishwe Makanya alikookotwa. Hao sitawapotezea muda. Tangu mwaka 2008 nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama, namba 19 ya mwaka huo, na sioni hakimu atakayekubali kwamba kumshusha mbwa penye malori usiku ndiyo kumtunza. Wa pili wanasema: mpe mtu yeyote mwenye huruma. Hawa nia yao njema, na ndio ninaotaka kubishana nao jioni ya leo.

Huruma humpa mbwa chakula. Humpa na kibanda, pengine na jina jipya. Lakini mbwa kijana mwenye nguvu za namna hii akishakula asubuhi, bado ana mchana mzima mbele yake, na mwenye huruma ameondoka kwenda shambani au sokoni. Afanye nini? Atakula ndala. Atafukua. Atatoroka. Siku ya tatu mwenye huruma atanunua mnyororo, maana majirani wamelalamika, na hapo ndipo mambo yanapoharibika. Mbwa kijana aliyefungwa kutwa hatulii. Atabweka mpaka akauke sauti, atazunguka mti mpaka ardhi iwe ngumu kama sakafu, na mtoto akimsogelea atamrukia kwa meno, kwa kuwa hana pa kukimbilia. Kisha watu watasema mbwa huyu alikuwa mkali tangu alikotoka. Kwa hiyo anayekuja kumwomba Watajua nisingemuuliza kwanza kama anapenda mbwa. Ningemuuliza ana kazi gani ya kumpa.

Na kazi, kwa bahati, milima hii inazo. Anayeishi Dar es Salaam anaweza kudhani mbwa wa kijijini ni wa kulala kizingitini. Aje huku wakati mahindi yanakomaa. Nyani wanatoka msituni kundi zima, mkubwa mmoja amekaa juu ya jiwe anaangalia kama kuna mtu, wengine wanavunja mahindi na kuyatupa wakiwa wameng'ata mara moja tu. Usiku zamu ni ya nguruwe pori na nungunungu. Ziko familia zinazomtoa mtoto shuleni akalinde shamba, na mwalimu huyuhuyu anayehama ndiye aliyekuwa akihangaika na madawati matupu msimu huo. Mbwa mwenye miguu ya Watajua, kwenye shamba la pembezoni mwa msitu, ana kazi ya kuanzia alfajiri mpaka jua linazama. Anakimbia kwenye mpaka, anabweka, anarudi kivulini, anasikia tawi, anaondoka tena. Zile tabia zote zinazomfanya awe kero uani kwa mwalimu, kule shambani ndizo zinazotakiwa.

Ila hapa niongeze jambo, kwa sababu wengi hulisahau. Nyani dume ana chonge ndefu kuliko za mbwa yeyote wa kijiji, tena hapigani peke yake. Mbwa mmoja, kijana, asiyejua, akiachwa shambani bila mtu, atalikimbiza kundi mpaka kwenye miamba, kule wamgeukie. Mbwa wa shamba hufanya kazi na mtu, na kama inawezekana na mbwa mwenzake aliyezeeka katika kazi hiyo, maana mbwa kijana hujifunza kwa kuangalia. Anayesema "nitamfunga kule juu alinde" hajaeleza kazi. Ameeleza mnyororo mwingine tu, na safari hii nyani wanajua urefu wake.

Sasa yuko mwombaji ambaye kwa kumtazama tu utadhani ndiye hasa. Ni kijana, ana miguu mizuri, anapenda mbwa kweli, na kazi anayo. Anawinda. Anakwenda na mbwa wawili watatu upande wa msitu wa Chome, anarudi na mnyama ndani ya gunia. Msikilizaji, msitu ule ni hifadhi ya mazingira asilia. Ndani yake kuna Shengena, kilele kirefu kuliko vyote vya Milima ya Upare, mita 2,462, na kutoka huko ndiko yanakotiririka maji tunayoyakinga kwenye ndiva, yale mabwawa yetu madogo, kumwagilia mashamba. Kuwinda mle ni kosa. Na mbwa wa mwindaji haramu maisha yake mafupi: waya wa mtego haubagui paa na mbwa, na askari wa misitu wakitokea, kijana atapanda mti au atakimbia, mbwa atabaki na mashitaka. Mwalimu alimkatalia kijana yule kwa upole, akamwambia mbwa hajazoea msitu. Mimi ningemwambia sababu yenyewe, lakini mimi sihami, naweza kugombana na watu.

Upande wa pili ni tambarare. Chini huko, kuelekea Mkomazi, kuna wafugaji, na mfugaji ana kazi ya mbwa usiku na mchana: fisi, chui, wezi. Ni nyumba nzuri kwa mbwa mwenye mbio. Lakini mbwa anayeteremka kule anakwenda kuishi jirani na hifadhi ya taifa, na kuna habari ambayo kila mtu wa wilaya ya Same angepaswa kuijua. Pale Mkomazi, tangu miaka ya tisini, mhifadhi Tony Fitzjohn na wenzake walikuwa wakizalisha mbwa mwitu, wale wenye madoadoa na masikio ya mviringo, ili warudishwe porini ambako walikuwa wamekwisha. Mwishoni mwa mwaka 2000 walikuwa nao 52. Ukaingia ugonjwa. Kwa muda wa miezi miwili wakafa 49. Vipimo vilionyesha ni distempa, ugonjwa wa virusi ambao mbwa wetu wa nyumbani nao huugua na kuambukizana, na sisi tukisema tu "amekufa kwa mafua". Mbwa mwitu wale walikuwa wamechanjwa, kwa chanjo ya aina ambayo haikutosha kuwakinga. Miaka sita kabla ya hapo, mwaka 1994, distempa hiyohiyo ilipita Serengeti na kuua simba wapatao 1,000, theluthi moja ya simba wa kule, na wataalamu walipotafuta chanzo waliwatazama mbwa wa vijiji vinavyopakana na hifadhi. Binadamu haambukizwi distempa, ndiyo maana hatuiogopi. Lakini ukimpeleka mbwa kijana tambarare bila chanjo, hujui unampelekea nani nini.

Tunachokiogopa ni kichaa cha mbwa, na tuna haki. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalisema ugonjwa huu unaua Watanzania wapatao 1,500 kila mwaka, na wengi wao ni watoto wa vijijini. Karibu wote duniani wanaokufa kwa kichaa waliupata kwa mbwa. Dalili zikishatokea kwa mtu hakuna dawa ya kumrudisha. Kabla ya dalili ipo: osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 zisizopungua, kisha nenda hospitali uchomwe sindano zote, usiishie ya kwanza kwa kuwa kidonda kimekauka. Nimeyasema haya mara nyingi katika kipindi hiki na nitayasema tena. Shirika la Afya Duniani linasema ukichanja mbwa asilimia 70 katika eneo, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Asilimia 70 haiji kwa tangazo la redio. Inakuja kwa mbwa mmoja mmoja, na mahali pazuri pa kumshika mbwa mmoja ni pale anapobadilisha mikono. Watajua asitoke kwa mwalimu bila kadi ya chanjo. Wengi humsubiri bwana mifugo aje na kampeni mwezi Septemba, kwa kuwa tarehe 28 ya mwezi huo ndiyo Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Kampeni ni nzuri, ila uhamisho wa mwalimu haukupangwa kufuata kalenda hiyo. Mtafuteni afisa mifugo sasa.

Nimesema mwenye kuku asizime redio. Haya, bibi, tumefika kwako.

Watajua amekula kuku. Mwalimu hasemi hivyo, anasema "anapenda kucheza na kuku". Ninamwelewa, anaogopa akisema ukweli hatampata mtu wa kumchukua mbwa. Lakini fikiri linalofuata. Mbwa anafika nyumba mpya, mwenyeji hana habari, siku ya pili mtetea wa jirani amelala kichwa chini. Huku kwetu mbwa wa hivyo hapelekwi kwa mtaalamu wa tabia. Anakatwa panga, na anayemkata hulala usingizi mzuri. Kisha inakuja kesi. Watani zetu Wachaga husema Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Wanatusingizia, bila shaka. Ila nimewahi kukaa katika vikao vya kitongoji vya kuku, na ng'ombe hakuwa mbali.

Kwa hiyo tangazo la mwalimu liseme: ni mwepesi, ana sauti, anapenda watoto, haogopi giza, na ni mwizi wa kuku. Atakayemtaka mbwa baada ya kusikia hayo ndiye mtu wa kuzungumza naye. Mwenye kuku hamsini wanaotembea huru atajiondoa mwenyewe, na hiyo ni faida kwa kila upande. Tabia hiyo hupungua kama mbwa akianza kuzoeshwa angali kijana, akitembezwa kwa kamba katikati ya kuku kila siku, anapewa kipande cha ugali kila akiwaacha, anavutwa kila akiwakodolea. Kazi hiyo inataka mtu mwenye subira kwa majuma kadhaa. Kumpiga kwa kuku aliyekufa, kama wengine wanavyoshauri, kunamfundisha kula akiwa amejificha.

Kuna jambo la pili la kumzoesha kabla hajaondoka: asiwarukie watu. Suji tumechanganyika. Wengi ni Waadventista, kanisa lililoanza kazi katika milima hii mwaka 1903, lakini tunao ndugu zetu Waislamu, na kwao mate ya mbwa ni najisi. Mbwa wa kulinda mifugo au shamba wanaruhusiwa kumfuga, na wako wanaofuga vizuri kuliko sisi. Lakini mbwa anayemrukia mzee wa watu anayekwenda msikitini na kumlamba kanzu amemharibia mzee safari, na amemharibia mwenye mbwa ujirani. Watoto wa mwalimu ndio waliomfundisha kuruka, wanacheka akifanya hivyo. Waache kucheka leo.

Nimeulizwa kama hakuna mahali pa kumpeleka, kituo, kama wenzetu walivyo navyo. Nairobi kuna KSPCA, chama ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1910. Huokota mbwa, huwachanja, huwahasi, na anayetaka kumchukua mmoja hulipa ada. Karibu na sisi zaidi, kule Usa River upande wa Arusha, kuna Mbwa wa Africa, ambao nao huwaokoa mbwa na kuwatafutia makazi. Ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini ni zaidi ya kilometa 150 kutoka Same, na vituo vya namna hiyo hujaa mbwa wasio na mtu kabisa. Watajua ana mtu, na ana wilaya nzima yenye mashamba. Ile ada lakini nimeipenda. Wazee wengine husema mtoto wa mbwa hatolewi bure, japo upewe kuku, la sivyo hakai. Sijui kama mbwa anajua alitolewa kwa kiasi gani. Ninachojua ni kwamba mtu aliyetoa kitu chake, hata kidogo, humtafuta mbwa akipotea, na aliyepewa bure husema "amekwenda zake".

Mtu mwingine akaleta habari ya polisi, kwamba wana Kikosi cha Mbwa na Farasi, wamchukue. Mwingine ameona kwenye simu mbwa wanaonusa pembe za ndovu uwanjani na bandarini. Mbwa wale wa pembe wengi hutoka Ulaya, wamezaliwa na kuchaguliwa kwa kazi hiyo. Hata hivyo habari yenyewe haiko mbali na ninalolisema. Huko Montana, Marekani, kuna shirika liitwalo Working Dogs for Conservation, ambalo hupita katika vituo vya mbwa waliotelekezwa likiwatafuta makusudi wale walioshindikana majumbani, wasiochoka, wanaong'ang'ania mpira mpaka mwenyewe anachoka. Mmoja wao aliitwa Ruger. Macho yake yalikuwa yakififia, akapelekwa Zambia kunusa bunduki na risasi za majangili kwenye vizuizi vya magari, na akazikamata. Nyumbani alikuwa tatizo, kizuizini akawa askari. Simwahidi mwalimu kwamba Watajua atapata mshahara wa serikali. Namwambia asimwonee haya mbwa wake.

Basi, waombaji wamebaki wawili. Mmoja ni mwenye duka mjini Same, anataka mlinzi wa ghala. Mtu mwema, analipa vizuri, chakula kitakuwepo. Lakini ghala ni chumba kimoja na uwanja wa saruji, na mchana mbwa atafungwa ili wateja wasiogope. Mbwa mtu mzima, mtulivu, angekaa pale raha mustarehe. Huyu hapana. Wa pili ni bibi mmoja wa huku juu, shamba lake limegusana na msitu, ana mjukuu aliyemaliza darasa la saba anayeshinda shambani, na ana jike moja la mbwa, kizee, linalojua nyani kwa majina. Kuku anao watatu tu, na wanalala ndani. Ningekuwa mwalimu nisingefikiri mara mbili, isipokuwa kwa huyo jike. Ni kizee lakini bado huzaa. Miezi miwili baada ya Watajua kuhamia pale tutakuwa na watoto wa mbwa saba, na wa kuwachukua hakuna, na wengine wataishia Makanya penye malori. Kwa hiyo Watajua ahasiwe kabla hajakwenda. Wapo wanaume watakaosema mbwa akihasiwa hawezi ulinzi. Nyani hawatamwuliza habari hiyo. Atabweka vilevile, na usiku atazurura kidogo kuliko zamani.

Makubaliano yalipangwa Jumapili, maana Jumamosi ni Sabato na hakuna wa kupatana bei. Mbwa atakwenda kwa majaribio ya majuma mawili, mjukuu atakuja kumchukua mwenyewe kwa kamba, amtembeze njia nzima ili aijue, na mwalimu asiende kumwona siku za mwanzo. Yote hayo bibi aliyakubali. Likaja la gharama ya kumhasi. Mwalimu alisema watagawana nusu kwa nusu. Bibi akamwambia, "Mwanangu mwalimu, mimi naletewa mbwa, sikumwagiza. Fundi hunikabidhi jembe likiwa na mpini." Mwalimu akasema yeye ndiye atakayelipa chanjo. Bibi akasema chanjo ni ya mwalimu, maana ni yeye aliyeng'atwa ndala. Nilipoaga walikuwa wamefika robo kwa robo tatu, na bibi alikuwa ameanza kutaja debe la mahindi ya vuli ijayo.